Mkono wa Kulia Siku ya Inspekta

Darasa letu la Kalemie lilinuka ndagala, kwa sababu wamama waliwaanika samaki hao wadogo mchangani nyuma ya ukuta, na upepo wa ziwa ulituletea harufu pamoja na inzi. Humo ndimo Citoyen Kisimba, maana enzi za Zaire kila mwalimu aliitwa Citoyen, yaani raia, alitufundisha Kiingereza. Masika yote tulikariri mahali pa kuweka maneno kama "always" na "sometimes": katikati, kabla ya kitenzi, basi. "I sometimes eat fish." Tuliimba hivyo kwa sauti moja mpaka maneno yakachuja.

Mimi sikukubali. Baba alifanya kazi bandarini, na nilikuwa nimewasikia mabaharia wa Zambia wakiiweka "sometimes" mwanzoni, wakiiweka mwishoni, na wakielewana vizuri tu. Nilipomwambia Citoyen, alifunga daftari lake. "We Feza, mabaharia njo watasahihisha mutihani wako?" Darasa likacheka. Nikamwona mwoga.

Kisha tukasikia inspekta anakuja, na mwalimu atakayeaibika atahamishwa. Citoyen akatupanga kama walimu wote walivyofanya: swali likiulizwa, wote tunyooshe mikono, anayejua, wa kulia, asiyejua, wa kushoto, naye atachagua wa kulia tu. Akaja hadi kwenye benchi langu, akainama, akaniita kwa heshima kama mtu mzima. "Mama Feza, wewe wa kushoto. Nakuomba."

Siku ile nikanyoosha wa kulia. Citoyen aliuona, akauruka. Nikapiga vidole mpaka inspekta akageuka. "Na huyu binti?" Nikasimama, nikaisema sentensi kwa namna tatu, nikaongeza kwamba sisi tulifundishwa moja tu. Inspekta akacheka hadi tumbo likatikisika. "Citoyen, mutoto wa bandari amekushinda!" Wenzangu wakapiga makofi. Citoyen naye akapiga makofi.

Akahamishiwa shule ya msingi ya Niemba. Nilimkuta stesheni akingoja treni, godoro lake limekunjwa na kufungwa kwa kamba. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Labda nilitaka akiri kwamba nilikuwa sahihi. Akakiri. "Zote tatu nazijua, Feza. Mutihani wa serikali unakubali moja. Nilitaka mupite." Hakunikaripia hata kidogo.

Mwalimu mwingine hakuletwa. Saa za Kiingereza tulifagia uwanja, na ulipofika mtihani wa serikali wenzangu wengi waliacha ukurasa ule mtupu. Mimi, niliyekuwa na bandari, nikapita.

Leo mimi ni mhadhiri msaidizi chuo kikuu. Nchi imebadilishwa jina. Karatasi za mtihani bado zinataka jibu moja. Juzi mwanafunzi alinyanyuka na kuniuliza kwa nini nimemkosesha, wakati redioni amesikia "sometimes" mwishoni mwa sentensi. Nilijua yuko sahihi. Nikamwambia aiandike katikati, kabla ya kitenzi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia akae.