Maji Niliyowaahidi Watu wa Rudewa

Mwaka ule nilikuwa mtafiti msaidizi kwenye mradi wa kuchunguza miamba na makaa ya mawe yaliyo chini ya ardhi. Tulitaka kujua kama hewa ya ukaa inayotoka viwandani inaweza kufungiwa humo isirudi angani. Tulilala gesti Mikumi, tukapewa eneo la kuchoronga mashimo ya utafiti huko Rudewa.

Siku ya kwanza mashine ilipaswa kupita katikati ya shamba la mama mmoja mjane. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza, "Mnatafuta maji, mwanangu?"

Maelezo yote niliyajua. Lakini kiongozi wetu alikuwa ananitazama kutoka kwenye gari, na hewa ya ukaa ni habari ndefu. Nikasema, "Tunaangalia, mama. Huenda yakapatikana."

Akatupisha. Kwa mkono wake alifyeka mistari minne ya mahindi yaliyokwisha kubeba, na mchana akatuletea viazi vya kuchemsha. Nilikula.

Siku ya tatu maji ya matope yakafoka shimoni. Yalikuwa maji yetu wenyewe, tuliyoyaleta kwa boza kutoka mtoni ili kupoza mashine. Yeye hakujua. Alikuja mbio na ndoo, majirani nyuma yake, akakinga.

"Yakituama yatakuwa meupe," aliwaambia.

Nilijifanya naandika namba kwenye vipande vya mwamba.

Wiki iliyofuata tuliziba shimo kwa saruji. Akaja kuniuliza, "Bomba mtaweka lini?"

Ndipo nikamweleza yote, macho yangu yakiwa kwenye viatu. Alinisikiliza bila kupandisha sauti.

"Kumbe ni hewa," alisema. "Ungeniambia tu. Njia ningewapa. Majirani utawaambia wewe. Mimi niliwaambia maji."

Nilimwomba kiongozi tuwachimbie kisima. Alisema mradi hauna kazi hiyo, akaenda kusimamia upakiaji.

Basi nilikwenda nyumba kwa nyumba, peke yangu, gari likinisubiri barabarani. Nyumba ya pili walinicheka. Ya nne, mwanamume mmoja alinifungia mlango kabla sijamaliza. Ya mwisho walikuwa mume na mke wakipukuchua mahindi. Walinipa kiti, wakanisikiliza mpaka mwisho, wakanishukuru kwa kufika. Afadhali wangenitukana.