Kinu cha Jumamosi

Enzi zetu, Jumamosi ilianzia kwenye kinu. Ninyi mliokulia pwani hii ya Palma, huku Msumbiji, mnajua ninachosema. Watu wakishatoka kuswali alfajiri, kabla hata mbuzi hawajafunguliwa, ungesikia mchi wa nyumba fulani umeanza, na mtoto aliyelala kwenye jamvi angefumbua jicho moja na kusema, leo kwa Bi Sharifa kuna vitumbua. Nayakumbuka haya nikiwa nimekaa kizingitini, bega la kulia linauma hadi shingoni, kwa sababu na mimi nimetoka kutwanga. Katika umri wangu kutwanga peke yako ni kujitafutia maradhi. Binti yangu ameniambia hivyo, na amesema kweli.

Kijiji chetu kilikuwa pale ambapo sasa pamezungushwa uzio. Baba alikuwa akichuuza samaki wakavu, na kila Ijumaa baada ya swala alirudi na mchele kidogo, na kama mambo yalikuwa mazuri, sukari iliyovushwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Sukari siku hizo ilikuwa adimu hata madukani, kwa hiyo mama aliificha ndani ya debe, debe juu ya dari, na ngazi akaificha kwingine. Magharibi alituita mimi na dada yangu Zuhura, akaloweka mchele mbele yetu, kisha akatuamuru tulale mapema. Hatukuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Alfajiri tulitwanga kwa kupokezana, mchi wangu ukipanda wa Zuhura unashuka, na aliyekosea alipigwa kiwiko. Mama alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi, mgongo ametupa sisi, wala hakuwa na haja ya kugeuka. Alisikiliza tu. Mchi ukigonga vibaya alisema, "Huo bado punje, wanangu. Mnautania." Tukaongeza nguvu. Unga ukitoka ulikuwa mbichi, mweupe, unanata mikononi hadi kwenye viwiko, nasi tukiulamba kwa siri ingawa haukuwa na ladha yoyote. Mama aliuchekecha, akachukua sehemu yake ndogo akaipika uji mzito ili vitumbua viwe laini, akachanganya na tui, hamira, iliki na ile sukari ya darini. Halafu bakuli likafunikwa kitambaa na kuwekwa mahali penye jua, na mateso yetu yakaanza.

Maana unga ulitakiwa uumuke. Tulikaa tukilitazama bakuli lile. Tulifagia uwanja, tukateka maji, tukarudi, bado. Tuliruhusiwa chai ya mchaichai bila kitu, tumbo likilia. Vijana wa leo mkate ukichelewa kidogo kufika mezani wananuna siku nzima, na mkate wenyewe umekatwakatwa tayari dukani kana kwamba watu hawana meno. Sisi kifungua kinywa chetu cha Jumamosi kilipokuwa tayari, kwingine walishaanza kufikiria chakula cha mchana.

Hata vilipoiva hatukula. Hapa ndipo wageni wanaponiuliza mara mbili. Mchele uliolowekwa una sauti yake kwenye kinu, nzito, ya kufifia, tofauti kabisa na muhogo mkavu au mtama. Kijiji kizima kiliitambua. Na kwetu, jirani akishakusikia unatwanga mchele wa kulowekwa, ana fungu lake. Haikuwa sadaka, na hakuna aliyeomba. Alisikia, basi. Kwa hiyo vitumbua vya kwanza kutoka kwenye chuma, vile vyekundu vizuri vyenye kingo za kukatika, viliingia sahanini, vikafunikwa kawa, na mimi na Zuhura tukatumwa: nyumba ya kulia, nyumba ya kushoto, ya nyuma, na kwa Bi Sharifa, somo yake mama, hata kama upepo ulikuwa wa kusi na huenda hakusikia lolote. Tukirudi ndipo tulipokula, vile vilivyoungua kidogo. Kabla adhuhuri haijaadhiniwa, sahani zilikuwa zimeshaanza kurudi, na hakuna iliyorudi tupu. Ilirudi na ndimu, au kipande cha papa, au hata chumvi.

Alikuwapo mama mmoja, Mama Sefu, mwenye watoto wengi na mkono mzito, aliyejaribu kutushinda akili. Alikihamishia kinu chake ndani ya nyumba, akakiweka juu ya magunia yaliyokunjwa, akafunga mlango akatwanga. Alichosahau ni kwamba ardhi nayo inasikia. Sisi tuliokuwa tumelala chini kwenye majamvi tuliupata ule mchi mbavuni. Jumamosi iliyofuata alituambia tutwange kwa nguvu zaidi ya kawaida, na sahani ya kwanza kabisa, iliyojaa kuliko zote, akaipeleka mwenyewe kwa Mama Sefu. Alimkuta mlangoni, wakaulizana hali, wakazungumza habari za mvua. Magunia yale hayakuonekana tena.

Ndivyo tulivyokua. Zuhura akaolewa Mocímboa, Baba akatangulia mbele ya haki, mimi nikazaa, nikaachika, nikarudi kwa mama, na kinu kikawa kilekile, kimechimbika katikati kama kisima kidogo. Kisha ikaja habari kwamba baharini mbele yetu, chini kabisa, kuna gesi. Wakaja watu wenye kofia ngumu na fulana za kung'aa. Walikuwa na adabu zao. Walihesabu minazi, mikorosho, jiko la nje, hata makaburi. Mama alikaa anawatazama siku nzima, na walipotaka kuondoka akawauliza, "Na jirani zangu, mmewaandika wapi?" Yule kijana mkalimani alicheka kidogo, akamwambia kwamba wote watahamishwa, bibi asiwe na wasiwasi. Mama hakucheka.

Kweli tulihamishwa hadi Quitunda. Nyumba ya matofali, bati, bomba karibu, taa ya umeme. Sitazikejeli, nimelala humo mvua ikinyesha nikamshukuru Mungu. Lakini Bi Sharifa aliwafuata wanawe Quionga, Mama Sefu alikwenda kufia kwa ndugu zake, na nyumba ya kulia, ya kushoto na ya nyuma zikawa za watu ambao mama hakuwajua hata kwa kikohozi. Mama akaanza kukataa kula asubuhi. Chai tu, na sahani anaisukuma. Akakonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Tulimpeleka kwa muuguzi, hakuonekana na ugonjwa wowote. Nilichoka kumbembeleza mtu mzima kama mtoto, na niliogopa. Nilijua akiendelea vile hatamaliza mfungo unaofuata.

Nikasema nitampikia vitumbua. Nilinunua unga wa mchele uliosagwa kwa mashine, nikapika Jumamosi, vikatoka vizuri tu. Mama alikitazama kimoja, akakigeuza, akakirudisha.

"Nani kajua kama leo tunapika?" akaniuliza.

Ijumaa iliyofuata nilivitoa vile vifuu na makopo nilivyokuwa nimevitupia ndani ya kinu, nikakiosha, nikaloweka mchele. Alfajiri nikatwanga peke yangu nje ya ile nyumba ya matofali, bila Zuhura wa kupokezana naye, na sauti ikagonga kuta za jirani ikanirudia usoni. Sikufika mbali. Mlango wa kulia ukafunguliwa, akatoka mwalimu aliyeletwa na serikali kutoka Nampula, Dona Lurdes tulimwita, kajifunga kapulana, usingizi bado machoni. Akaniambia kwa Kireno, kwa upole kabisa, vizinha, yaani jirani, leo ni Jumamosi, watu wamefundisha wiki nzima, tafadhali. Nilisimama na mchi mkononi, nikiona aibu ya mtu aliyekosa kwake na kwa watu.

Sauti ya mama ikatoka dirishani. "Nani huyo?"

"Jirani, mama."

"Kasikia?"

Nilimtazama Dona Lurdes, nikatazama dirisha. "Kasikia, mama."

"Basi mwambie asiende mbali."

Nikamwomba radhi mwalimu, nikamalizia kutwanga taratibu. Vilipoiva mama alitoka mwenyewe. Hakuwa amevuka mlango ule kwa muda mrefu isipokuwa kwenda chooni. Alibeba sahani yenye kawa kwa mikono miwili, akatembea hadi kwa yule aliyekuja kutugombeza, akampa, akamwambia kwa Kiswahili maneno marefu ambayo mwenzake hakuyaelewa hata moja. Dona Lurdes alipokea kwa mikono miwili pia. Mama akarudi, akakaa, akala kitumbua kizima, kisha akanyoosha mkono kuchukua cha pili. Mimi nilijifanya napuliza moto ili asinione nalia. Jioni sahani ilirudi na karanga za kuchemsha, kwa maana hata kwao Nampula sahani hairudi tupu, na tangu siku ile Dona Lurdes alikuwa akiamka kabla yangu, anakuja na mchi wake aliouazima, tunapokezana, yeye akikosea mapigo kila mara na mama akimkaripia dirishani kwa lugha asiyoijua.

Miaka ya hofu ikaja, ya watu wenye bunduki na mapanga. Sina nguvu ya kuisimulia yote, na ninyi mnaijua. Watu walipokimbia kutoka mjini Palma wakaja kujaa Quitunda, tulilala sakafuni bega kwa bega na wageni, na hakuna mtu aliyetwanga kitu. Kinu kinasema hapa kuna watu, hapa kuna chakula. Tulichemsha muhogo mzimamzima. Dona Lurdes aliondoka na chombo cha watu waliokuwa wakipelekwa kusini, mjini Pemba, akaniachia mchi na ufunguo wa nyumba. Mama, amelala kwenye godoro ambalo halikuwa lake tena peke yake, akaniuliza kwa sauti ndogo kwa nini leo hakuna aliyetwanga. Nikamwambia leo si Jumamosi. Ilikuwa Jumamosi. Nilimjibu hivyo kila alipouliza, hadi alipoacha kuuliza. Hakumaliza mwezi.

Sasa pametulia, Alhamdulillahi, pametulia kiasi chake. Kambi ya gesi, pale palipokuwa kijiji chetu, imewashwa taa tena, na gesi ipo huko chini ya bahari, nami jikoni natumia mkaa na vifuu. Wajukuu wangu Jumamosi wanataka mkate wa dukani na siagi ya kopo. Kila mmoja ana simu yake na anacheka peke yake, nikiuliza wanacheka nini wananionyesha paka aliyevaa suruali. Ni watoto wazuri. Wakila vitumbua vyangu wanasema ni vitamu, kisha wanauliza kwa nini nisinunue unga, nami nachoka kueleza.

Jumamosi iliyopita nilitwanga peke yangu kama kawaida, nikijipumzisha kila baada ya pigo chache. Kwenye nyumba ya Dona Lurdes sasa anakaa bi harusi mmoja, mumewe anafanya kazi kambini na huja nyumbani kwa zamu. Nilipeleka sahani ya kwanza huko. Alifungua mlango na nyuzi nyeupe zikimning'inia masikioni, akazitoa, akaniamkia vizuri. Alipoona kawa, ambayo vijana siku hizi wanaiona msibani tu, uso ukambadilika.

"Pole, bibi," akasema. "Nani kafariki?"

Nilimwambia hakuna aliyefariki. Nilimwambia nilikuwa natwanga, na akisikia mtu anatwanga mchele, fungu lake lipo. Akatabasamu kwa haya, akasema kusema kweli hakusikia kitu, alikuwa na muziki wake. Nikasimama pale na ile sahani. Kwa sheria ya mama hakuwa na fungu. Nilimpa tu, nikarudi kwangu polepole, nimeshika bega.

Enzi zetu ningekaa nisubiri mlango ugongwe, na tungeulizana hali, tungezungumza habari za mvua. Leo asubuhi, nilipomaliza kutwanga uani, niliikuta sahani hapa kizingitini. Imeoshwa vizuri, imekaushwa, imewekwa juu ya kawa. Ni tupu, na wala sikumsikia aliyeileta.