Besi Fupi ya Mjomba Sefu

Vumbi likiungua juu ya taa ya redio lina harufu yake. Ni kama mtu kakaanga nywele na mdalasini kwenye sufuria moja. Juzi mjukuu wangu Idrisa, fundi redio, kaletewa redio ya kizamani, ya zile zenye taa ndani kama vichupa vya manukato. Kaiwasha mbele yangu, harufu ikapanda, chai ikanikwama kooni. Idrisa akadhani nakata roho, akaanza kunitamkisha shahada. Nikamwambia, "Koma we, sifi leo. Nimemkumbuka mjomba."

Nyie hamkumjua mjomba Sefu. Alikuwa ndugu yake mama yangu, tumbo moja, na mguu wake wa kushoto ulinyauka kama mua uliosahauliwa juani, kwa homa aliyougua akiwa mdogo. Bagamoyo ya siku zile haikuwa na huruma na mtu wa namna hiyo. Hakuna aliyemwita Sefu. Watoto, wakubwa, mpaka muuza maji, wote walimwita Kiguru. "Kiguru, nyoosha njia, mbona unaishona!" Naye anacheka. Alicheka kuliko wao, na hilo ndilo lililowaudhi.

Alipiga besi katika chama cha dansi cha mtaani kwetu. Besi yenyewe kaiunda kwa mikono yake, kwa sanduku la majani ya chai, na kwa kuwa hawezi kusimama kutwa, akaifupisha ili aipakate amekaa. Shingo yake haikuzidi mkono wangu, na mie nilikuwa kitoto cha kwenda madrasa. Sasa ufupi ule una taabu zake. Uzi mrefu unanguruma wenyewe. Uzi mfupi ukiukaza unalia kama mbu, ukiulegeza unalala kama kamba ya kuanikia nguo. Mjomba akachukua waya wa breki za baisikeli, akauzungushia waya mwembamba wa shaba, duru juu ya duru, mpaka macho yakamtoka machozi. Akaniambia, "Mwana," maana jina langu Mwanahamisi, "kitu kifupi kikitaka kunguruma sharti kinenepe." Nikamtazama mama yangu, mfupi, mnene, sauti yake inasikika Unguja, nikaona mjomba kasema kweli tupu.

Ikanguruma, lakini chini kwa chini. Na watu wa mtaa wa pili walikuwa na ngoma kubwa, ukiipita karibu inakung'oa jino. Siku za Idi vyama vyote viwili vinacheza uwanja mmoja, na kile kitakachovuta watu ndicho kitakachotamba mwaka mzima, na walioshindwa wataimbwa na watoto mpaka chooni. Ngoma ile ikianza, besi ya mjomba huisikii hata ukiingiza kichwa ndani ya sanduku. Nasema hivyo kwa kuwa nilikiingiza.

Ndipo akapata kile kidude cha simu cha kuweka sikioni, kwenye simu mbovu iliyotupwa. Ndani mna sumaku na waya mwembamba kuliko unywele wa kichanga. Akakibana ndani ya sanduku, chini ya kijiti kinachobeba nyuzi. Waya ukatoka pale mpaka nyuma ya redio moja kuukuu, kwenye tundu la kuchomekea santuri. Redio ikalishwa betri la lori. Toka redioni waya mwingine ukaenda mpaka kwenye spika ya bomba, mdomo wazi kama ua la boga. "Kidude hiki kazi yake kusema na sikio la mtu," akanambia. "Nimekigeuza. Sasa chenyewe ndicho sikio."

Siku alipogusa uzi mara ya kwanza, wallahi kuku wa jirani walitaga wote kwa mpigo, na mmoja wao alikuwa jogoo. Mie kwa furaha nikainamia tundu la sanduku nikasema, "Mjomba, nina njaa!" Njaa yangu ikatangazwa mpaka soko la samaki. Mama akatoka na mwiko, "Mwana hizaya we, majirani watasema hapa hatuli!" Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akalitazama sanduku lake. "Kumbe linasikia na maneno," akasema. "Usimwambie mtu, Mwana. Watalifanya mchezo."

Mambo mawili nikayajua kwa kukaa naye. La kwanza, taa za redio hazizimwi ovyo. Ukizizima zinapoa, na mpaka zipate moto tena unaweza kupika uji ukaiva. La pili, kabla hajaiweka besi chini lazima ateremshe sauti, kuna kidude cha kuzungusha mbele ya redio. Asipoteremsha, sanduku linaisikia spika, spika inalisikia sanduku, wanaanza kulia kama fisi wawili na mfupa mmoja. Mkono wake ulikuwa unakwenda pale wenyewe, kama mkono wa mtu anayenyoosha kofia.

Na kazi yote ile ilikuwa ya nini? Ya Zuhura. Zuhura alikuwa jirani yetu, binti wa Mzee Kombo, ndiye aliyenisuka nywele kila Alhamisi. Ananisuka huku anauliza, "Mjomba wako kala?" Kala. "Kala nini?" Nikichelewa kujibu ananivuta nywele. Mjomba alikuwa kapeleka posa, na Mzee Kombo alimjibu kwa upole, "Idi ikipita, njoo tuzungumze." Basi mjomba akaona Idi hiyo asikike. Uwanja mzima umsikie, mzee naye ajue Kiguru ni mtu.

Mkuu wa chama na mwimbaji wao alikuwa Mshamu. Mzuri wa sura, kanzu yake nyeupe mpaka inzi wanateleza. Wakati ule alimpenda mjomba ghafla. "Kiguru wetu, fundi wetu, kaza moyo, Idi hii ni yako." Anamletea mpaka halua.

Idi Pili ikafika. Uwanja ulikuwa mbele ya msikiti, chama chetu kikapewa kibanda cha makuti upande mmoja, spika ikafungwa juu ya mti mbali kidogo na kibanda, isisikilizane na sanduku, mdomo umewaelekea watu na msikiti. Mjomba akapiga. Jamani! Mchanga ulicheza wenyewe. Vikongwe walioletwa wamebebwa waliomba kuteremshwa. Ile ngoma ya mtaa wa pili ikawa kama mtu anayepiga kofi mto wa usufi. Watu wakahama upande mzima, na Zuhura alikuwa kwenye mkeka wa wanawake, kanipakata, anatingisha mabega mpaka mie meno yanagongana.

Ikaadhiniwa alasiri. Kwetu sisi, adhana ikilia hakuna kitu kinacholia tena. Ngoma zikawekwa chini, wanawake wakavuta kanga kichwani, wanaume wakaenda kutawadha. Mjomba akalaza besi ndani ya kibanda, kando ya kiti cha Mshamu, ambaye kwake swala ilikuwa kama barua ya mtu mwingine. Akachukua fimbo yake akatoka. Nikaona hakugusa redio. Nikamkimbilia, "Mjomba, sauti!"

"Rudi kwa wenzio, Mwana. Watu wanakwenda kuswali."

Nikadhani ana haraka. Nikarudi.

Alasiri husomwa kimya, mnajua. Msikitini kimya, uwanjani kimya, hata watoto wachanga walikuwa wanapumua kwa zamu. Ndipo mti ukaanza kusema.

"Huyu Kiguru leo kapiga, lakini." Ilikuwa sauti ya Abdala, rafiki yake Mshamu, kubwa kama ya malaika.

"Mwache apige. Kesho nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba Zuhura wangu. Mzee Kombo kashanikubalia tangu kabla ya mfungo. Tukamwambia yeye asubiri Idi ipite, la sivyo angesusa, nani angetupigia?"

Abdala akacheka, na mti ukacheka. "Wallahi nyie wabaya!"

"Sasa yeye mguu mmoja alidhani mzee atampa binti? Wajukuu wazaliwe wanaruka kichura?"

"Na binti mwenyewe anasemaje?"

"Nani, Zuhura?" Hapo Mshamu akavuta sauti, kama aimbavyo. "Yule nimeshamchoka. Huja mwenyewe dirishani kwangu usiku, mpaka namfukuza."

Wao walikuwa nyuma ya spika, ndani ya makuti, wakasikia mvumo tu. Mpaka waje wajue, maneno yamekwisha kufika Kaole na kurudi. Baba yangu alikuwa msikitini, safu ya nyuma, yeye ndiye aliyetuhadithia. Mjomba na Mzee Kombo walikuwa bega kwa bega. Swala haikatwi. Wamesikia yote wamesimama, wakarukuu nayo, wakasujudu nayo. Baba anasema sijida ile ilirefuka mpaka mtu mmoja akasinzia. Na swala ikiisha sharti utoe salamu, ugeuze uso kulia. Mzee Kombo akageuza uso kulia, na kulia kwake yuko mjomba, anamtazama.

Uwanjani alianza kucheka mwanamke mmoja, mnene, na mdomo wake ulikuwa mnene kuliko yeye. "Mashoga, kumbe dirisha nalo ni mlango!" Likalipuka cheko, mkeka mzima, uwanja mzima, watu wa mtaa wa pili wakaja mbio wasipitwe. Mpaka shangazi yangu, ambaye hakucheka tangu azikwe mumewe, alicheka. Zuhura alikuwa kanishika mkono. Aliubana mpaka pete yake ikaniingia. Nami nilijua ni uongo. Zuhura alilala kitanda kimoja na bibi yake, na bibi yule alimshika nguo usiku kucha, anaogopa asije akafa peke yake. Lakini nani atamsikiliza mtoto, na mti umeshasema?

Chama chetu kilishinda Idi hiyo. Watu hawakuondoka mpaka magharibi, wakingoja mti uongeze.

Mshamu alitoroka na kanzu yake, nasikia alionekana Tanga. Mzee Kombo alimpiga binti yake kwa mkwaju mpaka mama yangu akaingia kati akala wa kwake. Akamtafutia mume wa haraka, mzee wa Ubena, wake zake watatu wameshazikwa, hana meno ya kuulizia sifa za mtu. Mama akamwendea mjomba, akampigia magoti, dada mtu mzima. "Sefu, ndugu yangu, nenda kaseme unamtaka hivyo hivyo. Atakupa leo leo."

Mjomba hakuinua kichwa. "Nioe wa madirishani?"

Siku ya kuondoka Zuhura akaniita anisuke. Alikuwa na alama za mkwaju mpaka kwenye vidole. Kasuka upande mmoja, lori likapiga honi. Akanishika kidevu akanambia, "Mwambie mjomba wako, ya Mshamu kayasikia. Yangu mie hakuja kuyasikiliza. Kunisikia mimi hakuhitaji betri." Akapanda. Ule upande alionisuka nilikataa usifumuliwe mpaka ulipoanza kunuka.

Maneno nikayafikisha neno kwa neno. Mjomba alikuwa anazungushia shaba uzi mpya. Akasema, "Sawa." Akanisogezea waya, "Nishikie ncha hii."

Hakuoa. Besi aliipiga mwaka mmoja, kisha akaitundika, halafu kuku wakaishusha wakatagia humo, safari hii kuku kweli. Miaka yote hiyo mie nimekuwa nikihadithia kisa hiki kwenye maharusi, watu wanaanguka kwa kucheka nikifika kwa jogoo, na mwisho nawaambia: maskini mjomba, aliumbuliwa na chombo chake mwenyewe, kwa haraka ya swala.

Sasa juzi pale kwa Idrisa, redio inaimba, ikaadhiniwa alasiri. Mtoto hakuizima. Kanyoosha kidole kimoja, kazungusha, redio ikanyamaza, taa zinawaka vilevile. Nikamwuliza, "Mbona hujazima?"

"Bibi, taa zikipoa ni kazi. Nimeteremsha sauti, yatosha."

Kidole kimoja, wanangu. Nikamwona mjomba kwenye mlango wa kile kibanda, na mie nampigia kelele, "Mjomba, sauti!" Alinisikia. Mkono ule uliokuwa unakwenda wenyewe alikuwa kautia mfukoni. Alikuwa keshawanusa zamani, kwa ile halua. Akalaza sikio lake kando ya kiti cha Mshamu, akaenda akachagua nafasi ya kusimama, kulia kwa Mzee Kombo, angoje ile salamu.

Aliwategea wawili, Mshamu na Mzee Kombo. Huo uongo wa dirishani hakuutega yeye, na sidhani kama aliujua kabla. Lakini ulipotoka aliuamini. Angeusikia barazani toka kinywani mwa Mshamu, angemtemea mate. Aliuamini kwa sababu ulipita kwenye waya aliouunga kwa mkono wake.