Tone la Yusufu

Leo shemeji kaniletea maziwa ya mbuzi, mabichi. Nikayachemsha mbele yake. Kanuna.

Someni kwanza, halafu mniambie kama nimekosea.

Kigali, 1991. Nilikuwa maabara ya mifugo. Mbuzi wa mzee mmoja wa Nyamirambo walikuwa wanatupa mimba, tukaletewa damu yao tupime brusela, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumpata hata mtu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unachanganya tone la damu na dawa ya rangi ya waridi, unatikisa sahani. Ikifanya madonge, mnyama anaumwa.

Pembeni huwa tunaweka damu salama ya kulinganishia. Siku hiyo ilikuwa imeisha.

Mwenzangu Yusufu, ambaye alikuwa na homa ya kuja na kuondoka, akiiita malaria, akakunja mkono wa shati. “Chukueni yangu. Mimi si mbuzi.”

Tukacheka.

Tone lake likafanya madonge kabla ya yale ya mbuzi.

“Dawa iko mbaya, eh?” akauliza.

Tukafungua chupa mpya. Madonge yale yale.

Akakaa chini taratibu.

“Maziwa ya nyumbani nanunua kwa huyo mzee,” akasema. “Na mke wangu ana mimba.”