Kigiriki Nilichokigonga kwa Nyundo

Shule niliigusa tu nikatoka. Nasema mapema ili mtu asijisumbue kunihurumia. Baada ya vita vya themanini na sita nilikuwa mtaani Bwaise, Kampala, nikigonga majiko ya mkaa, zile sigiri, na jiko langu halikuwahi kupinda mguu.

Jioni nilipanda kilima cha Old Kampala, kanisani, kujifunza kusoma Agano Jipya kwa Kigiriki. Wenzangu wote walikuwa na vyeti. Mwalimu wetu, Mkenya, aliniambia wazi, "Mzee, Pasaka ukishindwa kusoma ukurasa nitakaofungua, nafasi yako nampa mwingine."

"Fungua wowote," nikamjibu.

Lakini maneno hayakukaa. Kichwa changu hakishiki kitu ambacho mkono haujakigusa. Basi nikachukua msumari na nyundo, kila neno nikalitoboa pahali pake. Fos, nuru, kwenye mdomo wa sigiri. Hudor, maji, kwenye bati la ukuta, pale mafuriko yalipoishia. Artos, mkate, kwenye ukingo wa karai la jirani yangu, mama Mkongo wa mandazi, aliponiletea nizibe tundu.

Karai lilirudi siku ileile.

"Baba, umeandika nini humu? Watu wanasema umenifungia wateja."

"Ni mkate, mama. Lugha ya Injili."

"Injili iko kwa Kiswahili. Hii inafanana na ya mganga."

"Mganga gani anaziba tundu bure?"

"Huyo ndiye wa kuogopa."

Maneno yakaenea, sigiri zikakosa mnunuzi. Mwenye nyumba akaja: nifute au nihame. Sikubishana. Nilikaa chini nikazilaza herufi moja moja kwa nyundo, na kila neno nililolifuta nililisema kwa sauti, kwa Kigiriki na kwa Kiswahili, mtaa mzima usikie kwamba ninachofuta ni nuru, ni maji, ni mkate. Mama Mkongo alisimama pale na karai lake akingoja zamu.

"Hapo umekosea," akasema nilipolitamka vibaya neno la maji. "Jana ulisema hudor."

"Kumbe unasikiliza."

"Nitaachaje, na wewe unapiga kelele tangu jana?"

Pasaka ikafika. Mwalimu akafungua ukurasa, herufi ndogo kama mchanga, na mimi nikaona giza. Mkono ukajikunja wenyewe ukagonga goti, vile nilivyokuwa nikilaza bati. Fos ikatoka. Nikagonga tena, nyingine ikafuata. Watu wa mbele wakacheka.

"Mzee, mbona unagonga goti?"

"Nasoma, Mwalimu. Usinikatize."

Nilikwama, nikarudi nyuma, nikaendelea mpaka mstari wa mwisho. Akafunga kitabu.

"Nafasi yako ipo. Ila muhula ujao ukae nyuma, goti lako linasumbua wenzako."

Nilikaa mbele.