Mistari ya Biki Miguuni

Juzi binti yangu alikuwa anapiga pasi, amenipa mgongo, nikaona mstari wa bluu nyuma ya goti lake.

Nikamkumbuka Maman alasiri moja ya utoto wangu, amerudi kutoka soko la Kamembe alikouza sambaza, vile visamaki vya ziwani, vikavu, amesimama tangu asubuhi na mimba ya mdogo wetu tumboni. Alinyoosha miguu mkekani karibu na Koko, bibi yetu, wakapakana mawese ya vuguvugu. Nyumba nzima ilinuka mafuta na samaki. Miguu yao yote ilikuwa na mishipa ya bluu, iliyovimba na kujipinda kama kamba. Nilidhani wanawake wa kwetu hupewa mishipa hiyo wakishakua, kama wanavyopewa kitenge. Niliwaonea wivu.

Basi nikachukua kalamu ya biki, nikajichorea yangu kutoka gotini mpaka kisiginoni, nikaenda kujionyesha.

Koko alicheka. Maman hakucheka. Alinivuta mpaka kwenye beseni, akanisugua kwa sabuni hadi ngozi ikawaka, huku machozi yakimtoka. Nilifikiri analilia wino.

"Nilitaka nifanane na wewe, Maman."

"Usiyiite, mutoto yangu," alisema. "Itakuja yenyewe."

Ilikuja, na mimba yangu ya pili. Daktari aliponiuliza kama mama na bibi walikuwa nayo, nilimchorea kwa kidole mguuni, kutoka gotini mpaka kisiginoni.

Juzi nililowesha kidole kwa mate, nikainama, nikausugua mstari wa binti yangu.

"Maman, unafanya nini?"

Niliendelea kusugua. Nilikuwa naomba uwe wino.