Hotuba Yangu na Kibuyu cha Pombe ya Asali

Ndugu zangu, leo nimetoa hotuba kali kuliko zote za maisha yangu, na aliyenishinda ni kibuyu.

Tulikuwa kilabuni kwa Mama Paskalina, hapa Tlawi, tukionja pombe zake: ya mtama, ya mahindi, mwisho ya asali.
Nilikusudia kuwashawishi wazee waikatae amri ya Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya yetu, inayoruhusu pombe Jumamosi pekee.

Kwa kuwa nimetoka chuoni, nilihesabiwa mgeni, nikapewa kibuyu cha ile ya asali niionje kwanza.
Nikapiga funda moja, nikasimama.

"Wazee wangu, ni nani aliyempa Mwingereza mamlaka juu ya kiu yetu?"

Wazee wote wakakodoa macho upande wangu.
Hakuna aliyepepesa jicho. (Naam, nikajisemea, umma umeamka!)
Nikatoka kwenye pombe nikaingia kwenye kodi, kutoka kodi hadi ardhi, kutoka ardhi hadi uhuru, nikikipunga kibuyu kama bendera.

Mzee Tluway akakohoa.
"Mjukuu wangu, Bwana Shauri hatunyimi pombe Jumamosi. Leo Jumamosi. Wewe je?"

Ndipo nikakumbuka: kwetu kibuyu hakiwekwi chini wala hakipokonywi. Asipokipitisha aliyekishika, hanywi mtu.
Wale hawakuwa wakinitazama mimi!

Nikakipitisha. Kikanirudia kitupu.

"Tumekubali," akasema Mzee, akijifuta ndevu. "Jumatatu twende wote kwa Bwana Shauri. Ukimhutubia namna hii, ataifuta amri ili unyamaze."

Semeni kweli, wenzangu: nimesifiwa au nimetukanwa?